Kilo Kumi na Moja kwa Siku Arobaini

Mama alishuka kwenye basi pale Stendi ya Magufuli saa moja jioni, miguu imevimba kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Bukoba, mkononi ana kikapu cha ndizi ambacho hata utingo hakuruhusiwa kukigusa. Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua tatu tu. Akanipita. Akaenda kunitafuta kwa waliosimama nyuma, mpaka nilipomwita ndipo akageuka. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema kwa Kihaya, "Waitu." Basi. Njia nzima mpaka Tabata hakuuliza habari za shughuli wala za bwana harusi, na kwa anayemjua mama, hilo peke yake lilitosha kunishtua.

Usiku, watoto walipolala, akaja chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda na kushusha sauti.

"Mwanangu, umepima?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, na yeye akaendelea kunitazama vilevile. Nilikuwa nimepungua kilo kumi na moja kwa siku arobaini, kwa hela yangu na kwa jasho langu, na ofisini wenzangu walikuwa wananiomba siri. Mama yangu mzazi alikuwa anaona mgonjwa.

Ilibidi siku nyingi zipite ndipo nielewe kwamba hakukosea sana. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI walioripotiwa nchini walitoka Kagera, mwaka 1983. Mama alikuwa binti wakati huo. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita ugonjwa ule "silimu", kwa sababu ya namna ulivyowakondesha watu. Kwetu ukaitwa Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikiletwa na wafanyabiashara wa magendo. Mama amezika kaka zake wawili na marafiki zake asioweza kuwahesabu bila kunyamaza katikati. Kwa kizazi chake, mtu akikutana nawe akasema "umenenepa" amekupa shada la maua. Akisema "umepungua", anakupa pole. Sisi watoto wao tumekaa na simu zetu tukayageuza maneno yale yale: "umenenepa" limekuwa tusi la kumnunia mtu wiki nzima, na "umepungua" ndilo tunalolilipia.

Tena tunalipia kweli. Poda na chai vya wiki mbili vilikuwa shilingi 65,000. Mimi nilinunua mara tatu.

Ilianza na nguo. Kamati ya sendofu ya mdogo wangu ilichagua sare, kitambaa cha kijani kibichi chenye kung'aa, cha aina ile isiyomsamehe mtu. Nikaenda kwa fundi wangu Sinza. Akanipima, akaandika kwenye daftari lake lenye jalada la gazeti. Nikamwambia, "Fundi, hapo kiunoni toa inchi nne. Mpaka siku ya shughuli nitakuwa nimepungua." Akanitazama juu ya miwani, akaandika, akasema, "Sawa, dada."

Nilikuwa na miaka 38, watoto wawili, urefu sentimita 162 na uzito wa kilo 89. Nisijifanye: nilihitaji kupungua. Presha ilikuwa imeanza kupanda, magoti yalikuwa yakilalamika kwenye ngazi, na kiuno changu kilishapita mbali zile sentimita 80 ambazo kwa mwanamke ndipo madaktari huanza kuangalia sukari na moyo. Kwa hiyo naomba asitokee mtu wa kunisomesha kwamba wanawake wa Kiafrika tumeumbwa hivi na tujipende tulivyo. Kujipenda najipenda. Presha haijali.

Tatizo lilikuwa mwendo. Rafiki yangu aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili, chalenji ya siku arobaini. Admini alikuwa dada mwenye sauti tamu, anayetuita "warembo wangu". Saa kumi na mbili asubuhi unapanda kwenye mzani, unapiga picha ya namba, unaituma. Asiyetuma anatajwa. Chakula kilikuwa hivi: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha na kikombe cha maji ya limau, mchana matango na kipande cha samaki au kuku asiye na ngozi, jioni poda kwenye maji, kabla ya kulala, chai. Ugali, wali, ndizi, viazi na maharage vyote vilikuwa sumu. Tunda ni sukari. Hata parachichi liliwahi kumtoa machozi mwenzetu mmoja, aliyelila bila kuomba ruhusa.

Wiki ya kwanza nilipoteza kilo nne. Nne! Nikapigiwa makofi ya vikaragosi mpaka simu ikawa inatetemeka mezani.

Sasa nitawaambia zile kilo nne zilikuwa nini, maana hapa ndipo biashara nzima ilipojificha. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, jumla yake kama nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji takriban gramu tatu. Ukikata wanga ghafla, mwili unakula akiba ile kwa siku chache na maji yake yanatoka kama mkojo. Hapo tayari umepungua kilo moja na nusu au mbili, na mafuta ya tumboni hayajasikia kitu. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba takriban kalori 7,700. Kuchoma kilo nne za mafuta kwa wiki ningehitaji kufunga kabisa na bado nitembee kwa miguu kuelekea Morogoro. Mzani wenyewe haukusema uongo. Ila mzani haujui kutenganisha maji, misuli, mafuta na kilichomo tumboni, na admini alijua kwamba sisi nasi hatujui.

Kilichobaki kilitolewa na chai. Bibi mwenye nyumba wetu, mtu wa Pangani, alipita jikoni usiku mmoja nikiwa nimeifunika birika, akanusa.

"Mwanangu, nani anaumwa tumbo?"

"Hakuna, bibi. Hii ni chai ya ditoksi."

Akafunua. "Ditoksi? Hii si sanamaki? Hii sisi tukipewa siku za likizo na mafuta ya nyonyo, tusafishwe tumbo. Siku moja! Wewe unakunywa kila siku?"

Pakiti ilikuwa na picha ya mwanamke wa Kichina mwenye kiuno cha nyigu, haikuwa na orodha ya viungo. Bibi alikuwa na pua. Sanamaki ni dawa ya kuharisha, ina heshima yake kwa mtu aliyefunga choo, lakini inafanya kazi kwenye utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshafyonzwa huko juu. Kalori haziondoki. Yanayoondoka ni maji na chumvichumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, na potasiamu ndiyo inayosaidia moyo kudunda kwa mpangilio. Nilikuwa napata mapigo ya ajabu kifuani nikiwa nimekaa tu kwenye daladala. Kwenye kundi tuliambiwa ni sumu zinatoka.

Kila kitu kilikuwa sumu zinatoka. Kizunguzungu, harufu ya mdomo, nywele kubaki kwenye chanuo, hedhi iliyopita bila kuja. Nilikuwa nasikia baridi Dar es Salaam mwezi wa kumi na moja, nikavaa sweta ofisini na wenzangu wakaniuliza kama nina malaria. Watoto wangu walijifunza kutembea kwa vidole nikirudi kazini. Na usiku, badala ya kulala, nilikuwa natazama video za watu wanaopika: mama mmoja wa Mombasa anakanda unga wa mahamri, kijana anageuza mishikaki. Saa nane za usiku, sauti nimeipunguza, natazama kama mwizi.

Baadaye nilikuja kusoma habari iliyonikata maini. Mwaka 1944, vita vikiwa bado Ulaya, mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa sababu za dhamira, akawaweka chini ya uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Walijitolea kushindishwa njaa kwa miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya vita vikiisha. Wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walisikia baridi wakati wa joto, wakawa wakali, wakapoteza hamu ya wanawake, wakaanza kusoma vitabu vya mapishi na kuota chakula. Baadhi yao hawakuwahi kujali mapishi maishani. Nilisoma ukurasa ule nikamkumbuka yule mama wa mahamri.

Vijana wale, kwenye jaribio lililoitwa la njaa, walikuwa wanapewa wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku. Mtaalamu wa lishe alipokuja kunipigia hesabu ya chalenji yetu kwa kalamu nyuma ya kadi yangu ya kliniki, jumla haikufika 600.

Basi siku ikafika. Nguo ilinikaa. Nakiri kwamba kwenye picha nimependeza, na mdogo wangu alilia aliponiona, ingawa kwa bibi harusi machozi hayana maana moja. Nilikuwa nimejiahidi kwamba baada ya ile keki ya kukata na shoka, kwa usiku mmoja, nitakula. Nikala pilau. Sikuionja, niliila, ile yenye vipande vya nyama vilivyonona na mafuta yanayong'aa kwenye punje, na juu yake kuku wa kukaanga.

Saa sita usiku maumivu yakaja. Chini ya mbavu upande wa kulia, kama mtu ameingiza ngumi na anaizungusha taratibu, yakapanda mpaka kwenye bega. Nikatapika pilau lote. Mama akawa ananishika kichwa, hasemi kitu. Asubuhi yakaisha, nikadhani ni shibe.

Yalirudi wiki ya pili, baada ya chapati na maini. Duka la dawa waliniambia ni vidonda vya tumbo, nikapewa vidonge. Hapa kwetu maumivu yoyote kati ya shingo na kitovu ni vidonda vya tumbo mpaka yathibitishwe vingine. Mara ya tatu yalinikuta kazini, nikapelekwa hospitali nikiwa nimejikunja kwenye siti ya nyuma ya bajaji. Daktari kijana akanibonyeza chini ya mbavu, akaniambia nivute pumzi, pumzi ikakatika katikati. Akanipeleka ultrasaundi. Kwenye kioo kile cheusi tukaviona: vijiwe, vingi, vimekaa kwenye mfuko wa nyongo kama mbegu kwenye papai.

"Umepungua uzito karibuni?" akauliza. Watu wawili sasa waliokuwa wameniuliza juu ya kukonda kwangu kwa sauti ya mashaka, na wa kwanza hakuwa na digrii.

Alinieleza vizuri, na nitajaribu kueleza kama yeye. Ini hutengeneza nyongo, nyongo hukaa kwenye mfuko wake ikisubiri chakula chenye mafuta kipite, kisha mfuko hujiminya na kuimwaga kwenye utumbo. Ukikonda kwa kasi, mafuta ya mwili yanayeyushwa kwa wingi na ini linamwaga lehemu, yaani kolesteroli, nyingi zaidi kwenye nyongo. Wakati huohuo, kwa kuwa huli mafuta kabisa, mfuko hauna sababu ya kujiminya. Nyongo nzito inakaa, inatulia, inaganda vijiwe. Haichukui miaka, miezi michache inatosha. Hatari huanza kupanda pale mtu anapopoteza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Mimi nilikuwa napoteza karibu mbili. Na siku unaporudi kwenye pilau kwa kishindo, mfuko unajiminya juu ya mawe.

Hakuniapia kwamba chalenji ndiyo iliyoyaleta yote. Mwanamke, amezaa, uzito mkubwa, miaka inakaribia arobaini: nilikuwa kwenye foleni tayari. "Lakini," alisema, "umepita mbele ya foleni."

Nilitolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo. Nina makovu manne. Nilipoandika habari hii kwenye kundi, kwa adabu kabisa na kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa na dripu, niliondolewa kundini kabla sijamaliza ujumbe wa pili.

Nilikasirika kwa muda, halafu nikaanza kuuliza. Nikagundua kwamba biashara hii ni kongwe kuliko intaneti. Miaka ya 1930 huko Marekani watu walikuwa wananunua dinitrofenoli ili wapungue, kemikali iliyowahi kutumika kwenye viwanda vya mabomu. Ilipunguza kweli. Pia iliwapandisha joto la mwili mpaka wengine wakafa, na wengine wakapata mtoto wa jicho wakiwa vijana. Mwaka 1938 ikatangazwa kuwa hatari isiyofaa kwa binadamu. Hadi leo kuna wanaoiuza kwa kificho. Ikaja sibutramini, kidonge halali kilichoandikwa na madaktari duniani kote, hadi utafiti uliohusisha watu karibu 10,000 wenye magonjwa ya moyo na sukari ulipoonyesha kwamba kinaongeza mishtuko ya moyo na kiharusi. Mwaka 2010 kikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Kikahamia kwenye poda na kahawa za kupunguza mwili, zile zilizoandikwa "asilia kwa asilimia mia", ambako mamlaka za nchi mbalimbali zimekuwa zikikinasa tangu hapo. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia dawa yake ni ya mitishamba tupu na inakata njaa siku nzima na hulali, mimi nauliza imepimwa wapi. Wengine sasa wananiuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito, semaglutidi na ndugu zake. Hizo ni dawa za kweli, zinafanya kazi kweli, na kwenye karatasi yake ya maelezo matatizo ya mfuko wa nyongo yametajwa pia. Daktari akuandikie, akufuatilie. Usinunue kwa mtu anayekutumia namba ya kulipia kabla ya jina lake.

Mtaalamu wa lishe niliyepelekwa kwake alikuwa mama wa makamo, naye ana mwili, jambo lililonishangaza kwa ujinga wangu. Nilikwenda nimejiandaa kuachishwa ugali. Hakugusa ugali. Aliniuliza, "Nyumbani mafuta ya kupikia mnanunua lita ngapi kwa mwezi?"

Tano, dumu moja. Tuko watu wanne.

Akapiga hesabu. Lita tano ni kama kilo nne na gramu mia sita, gramu moja ya mafuta ina kalori tisa. Gawanya kwa watu wanne, gawanya kwa siku thelathini. Kalori 345 kwa kila mtu kwa siku, hata mtoto wa miaka saba, kabla hatujala kitu kinachoitwa chakula. Halafu chai: vikombe vinne, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja. Vijiko kumi na viwili, karibu kalori mia mbili. Na soda ya mchana, chupa ya mililita 350, vijiko vingine tisa. Mimi nilikuwa nawaogopa maharage.

Sasa dumu letu linamaliza wiki saba. Nimejifunza kuunga mboga kwa kijiko badala ya kumimina kwa jicho, maana jicho la mpishi wa Kitanzania halijawahi kuona mafuta yamezidi. Chai nimeishusha hadi nusu kijiko. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nakunywa kama adhabu. Sahani nimeigeuza tu: matembele au mchicha umepanda, ugali umeshuka ukawa wa saizi ya ngumi yangu, dagaa wa Kigoma hawakosi, maharage yamerudi kwa heshima zote. Ndizi za mama napika na nyama, bila aibu. Shilingi 65,000 za poda zinanunua dagaa wa kutosha miezi. Nashuka kituo kimoja kabla ya kwangu, natembea, mvua ikinyesha sishuki.

Kilo saba kati ya zile kumi na moja zilirudi ndani ya miezi mitano, kama mama mtaalamu alivyonionya: mwili uliotishwa na njaa huweka akiba kwa bidii, na misuli uliyoila haikungoji. Nilikuwa nimefika 85. Leo, miaka miwili baadaye, nina 80. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa hizo, kwa kuwa hakuna aliyeziona zikitoka. Presha imetulia. Hiyo siyo namba ya kupiga picha, lakini daktari anasema hata kupunguza asilimia tano hadi kumi ya uzito wa mwanzo kunasaidia sukari na presha, na mimi nimegusa hapo.

Mwaka jana, nikiwa bado na 84, binamu yangu alikuwa anaoa na nikataka kuvaa ile nguo ya kijani. Haikupita kifuani. Nikaikunja kwenye mfuko, nikaipeleka Sinza nikiwa na maneno yangu ya kujitetea tayari. Fundi hakuyahitaji. Aliigeuza nguo ndani nje, akanionyesha mishono ya ubavuni: kila upande alikuwa amekunja kitambaa cha inchi mbili, kimelala vizuri, kimepigwa pasi.

"Si nilikwambia utoe?"

"Nilitoa, dada. Sikukata." Akavaa miwani, akachukua wembe, akaanza kufumua.